Azimio la Musoma bado linamngoja mwalimu wa darasa la kwanza

Mwezi Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana mjini Musoma na kutoa uamuzi ambao historia inauita Azimio la Musoma. Hadi wakati huo taifa lilikuwa limeuweka mwaka 1989 kuwa ndio mwaka ambao kila mtoto wa Tanzania angekuwa amepata nafasi katika shule ya msingi. Wajumbe waliona huko ni mbali mno, wakaazimia kazi hiyo ikamilike ifikapo Novemba 1977. Ulikuwa uamuzi wa kijasiri, na sisi tunaoishi kando ya ziwa hili tuna haki ya kujivunia kwamba jina la mji wetu limeshikamana nao. Lakini sasa, zaidi ya nusu karne baadaye, anayezipitia shule za Musoma, Bunda na Butiama anatambua kwamba ahadi ile ilikuwa na sehemu mbili. Sehemu ya kwanza, mtoto awe darasani, imetimizwa kwa kiasi kikubwa. Sehemu ya pili, asimame mbele yake mwalimu anayejua namna mtoto mdogo anavyojifunza kusoma na kuandika, ingali njiani.

Mwaka ule walimu wa kutosha hawakuwapo. Serikali ikawachukua vijana waliomaliza darasa la saba, ikawaweka shuleni ili wajifunze ualimu palepale kazini. Walifundisha saa chache katika madarasa ya chini, na saa zilizobaki walisoma chini ya mwalimu mlezi, kwa masomo ya posta na vipindi vya redio, kisha mwishoni wakaenda chuo cha ualimu kwa wiki chache. Watani walizifumbua herufi za UPE wakasema maana yake ni Ualimu Pasipo Elimu. Tungependa utani huo usipite bila kujibiwa. Walimu hao ndio waliotushika mkono wengi wetu tulio na miaka arobaini na zaidi, na wazo la kwamba mwalimu anaendelea kufundwa akiwa kazini, akisaidiwa na mtu aliye karibu naye, lilikuwa wazo sahihi. Kilicholiponza ni kuchukuliwa kama dawa ya dharura. Dharura ilipoonekana imepita, walezi wakaondoka, vipindi vya redio vikanyamaza, na mwalimu akabaki peke yake na chaki yake.

Tangu hapo mlango wa shule umefunguliwa tena mara mbili. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ada ya shule za msingi iliondolewa chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM. Kisha, kwa Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015, michango ya lazima nayo ikafutwa kuanzia Januari 2016. Kila mara watoto waliitika kwa wingi, na kila mara maswali ya kwanza yalihusu madawati na madarasa. Swali la kusoma lilichelewa. Mwaka 2010 Uwezo, ambao uliwafuata watoto majumbani kwao badala ya kungoja matokeo ya mitihani, ulikuta kwamba takriban mwanafunzi mmoja tu kati ya watatu wa darasa la tatu aliweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Miaka mitatu baadaye upimaji wa kitaifa wa stadi za Kusoma, Kuandika na Kuhesabu ulionesha kuwa ni asilimia 8 tu ya wanafunzi wa darasa la pili walioweza kusoma kwa ufahamu kwa kiwango kilichowekwa. Mtaala wa darasa la kwanza na la pili ukaandikwa upya, ukaanza kutumika 2015 ukiwa na kazi moja kuu, yaani hizo KKK.

Parokiani jambo hili hujulikana mapema kuliko ofisini. Katekista anayewaandaa watoto kwa Komunyo ya Kwanza hulitambua siku ya pili ya mafundisho. Watoto wa darasa la nne na la tano wanaitikia pamoja maswali na majibu kwa sauti nzuri ya kutia moyo. Mmoja akipewa kitabu asome peke yake sala ambayo hajawahi kuisikia, kimya kinaingia. Wapo wanaoanza kwa ujasiri huku macho yao yako dirishani: hao wanakumbuka, hawasomi. Kuitikia pamoja kuna nafasi yake tukufu katika sala, na Litania ya Watakatifu haina namna nyingine ya kusaliwa. Darasani, hata hivyo, kiitikio kinaweza kumficha mtoto kwa miaka mitatu bila mwalimu wala mzazi kujua kwamba mtoto huyo hajawahi kusoma neno hata moja.

Tuseme kidogo juu ya kazi yenyewe, kwa sababu watu wengi hudhani kwamba kufundisha darasa la kwanza ni jambo jepesi linaloweza kufanywa na yeyote anayejua kusoma. Mtoto hujifunza kwanza kusikia kwamba neno limejengwa kwa sauti. Anapiga makofi kwa silabi za "ma-ma", kisha anaitenga sauti ya kwanza. Baadaye ndipo anaoneshwa kwamba sauti ile ina alama yake, na kwamba jambo la kushika ni sauti ya herufi, si jina lake tu. Kutoka hapo anaunganisha sauti kuwa silabi, silabi kuwa neno, neno kuwa sentensi, hadi asome bila kukwama. Asiposoma bila kukwama, akili yake yote huishia katika kupambana na herufi, na haibaki nguvu ya kuelewa. Kiswahili kinamsaidia, kwa kuwa huandikwa karibu kama kinavyotamkwa. Msaada huo nao una mtego wake, kwani mtoto anaweza kutamka sawasawa ukurasa mzima asiouelewa, na mwalimu akaridhika. Upande wa kuandika mtego ni kunakili. Mtoto anahamisha ubao wote hadi katika daftari lake, mwandiko safi, vema nyekundu chini, na hajui alichoandika.

Mkoani kwetu kuna ugumu mwingine ambao kitabu kilichochapwa Dar es Salaam hakiwezi kuujua. Watoto wetu wanafika shuleni wakiwa na Kijita, Kikwaya, Kizanaki, Kiikizu, Kingoreme, Kikuria, Kijaluo na lugha nyingine tusizozitaja hapa, na wengi wao, hasa walio mbali na miji na barabara kuu, Kiswahili hukikuta darasani. Baadhi ya lugha hizo hazitofautishi l na r. Mtoto anayetoka katika lugha kama hiyo akiambiwa aandike "kalamu" anaandika "karamu", na kwa sikio lake ameandika alichokisikia. Mwalimu ambaye hakufundishwa namna ya kulitazama kosa hilo anaweka mkasi, pengine na kiboko juu yake. Mwalimu aliyefundishwa anajua kwamba tatizo liko sikioni, si mkononi. Anamketisha mtoto, anayatamka maneno mawili polepole, anachora kalamu na kuchora watu waliozunguka sinia, na kumwacha achague. Mtoto wa Kijaluo anayeandika "samba" kwa "shamba" anahitaji msaada wa aina hiyo hiyo, kwa sababu lugha yake haina sauti ya sh. Mambo haya ni madogo yakitajwa moja moja, lakini kwa mtoto wa miaka saba ndiyo yanayoamua kama shule ni mahali pake au si mahali pake.

Mtumishi wa Mungu Julius Kambarage Nyerere alitoka Butiama akaingia shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka kama kumi na miwili. Lugha ya nyumbani kwao ilikuwa Kizanaki. Mtoto yule alikuja kuwa mwalimu wa shule za Kanisa, Mtakatifu Maria Tabora na kisha Mtakatifu Fransisko Pugu, na baadaye akaitafsiri tamthilia ya Shakespeare kwa Kiswahili. Tunapenda kuisimulia habari hiyo kwa ajili ya kipaji chake. Hatuna budi kukumbuka pia kwamba alifika shuleni akiwa mkubwa, mwenye hamu, katika shule iliyochukua watoto wachache. Mtoto wa leo wa Butiama anaingia akiwa na miaka sita, katikati ya wenzake wengi mno, na hawezi kuachiwa kutegemea kipaji.

Juhudi za kuwasaidia walimu zimekuwapo, na si haki kusema hakuna kilichofanyika. Kati ya 2014 na 2020 Mara ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyohudumiwa na mpango wa EQUIP-Tanzania, kwa fedha za serikali ya Uingereza. Walimu wa madarasa ya mwanzo walifunzwa ufundishaji wa Kiswahili kwa moduli, wachache kutoka kila shule wakienda mafunzoni ili warudi kuwafundisha wenzao. Maafisa Elimu Kata waliwezeshwa kuzifikia shule. Katika vijiji visivyo na darasa la awali, vijana wa kijiji hicho hicho waliwaandaa watoto kwa hadithi na michezo kabla ya kuanza shule, na kwa kuwa walikuwa vijana wa hapo, walijua lugha ya mtoto. Walimu wengi walijifunza wakati huo kutengeneza herufi kwa vizibo vya soda na kadi kwa maboksi ya sabuni. Hadi leo ukiingia darasa ambalo kuta zake zimejaa maneno yaliyoandikwa kwa mkono, mara nyingi utaambiwa kwamba mwalimu wake alipitia mafunzo hayo au alifundishwa na aliyepitia.

Kisha mradi ukafika mwisho, kama miradi yote. Tunasema hivi bila kulaumu, kwa maana aliyetoa alitoa kwa muda aliousema. Hatari ya kuegemea fedha za mbali imeonekana wazi zaidi tangu Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje na kazi za namna hii zikakatika katikati mahali pengi duniani. Hata hivyo, kwa maoni yetu fedha kukatika ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine tunaifanya wenyewe, ndani ya shule zetu. Mwalimu aliyefunzwa vizuri kufundisha kusoma anahamishwa shule au, jambo linalotokea zaidi, anapandishwa madarasa. Mwalimu Mkuu anapimwa kwa matokeo ya darasa la saba. Akiona mwalimu hodari, anampeleka darasa la saba, na darasa la kwanza anapewa mgeni aliyeripoti juzi, au aliyechoka, au anayekaribia kustaafu. Hakuna ubaya wa moyo katika hilo, kuna hesabu tu. Lakini ni hesabu inayofanana na ya mkulima wa pamba anayeweka nguvu zake zote katika mavuno na kuwaachia watoto kazi ya kupanda.

Lipo pia jambo la semina. Kwa miaka mingi neno mafunzo kwa mwalimu limemaanisha safari ya kwenda mjini, siku tatu au tano ukumbini, daftari jipya, kalamu na posho. Hatuidharau posho. Mwalimu wa Kisorya anayekwenda Bunda mjini, au yule wa kisiwa cha Rukuba anayeanza safari yake kwa mtumbwi, ana nauli ya kulipa, na mshahara wake unajulikana. Tatizo ni kwamba kufundisha kusoma ni ufundi, na ufundi hauingii mkononi kwa kusikiliza maelezo. Fundi seremala hakuwahi kumfunza mwanagenzi wake ukumbini. Katika Matendo ya Mitume, sura ya nane, tunasoma habari za towashi Mwethiopia aliyekuwa akisoma kitabu cha nabii Isaya njiani bila kukielewa. Filipo hakumwalika Yerusalemu kwa semina ya siku tatu. Alikimbia akalifikia gari, akamuuliza kama anaelewa anachokisoma, kisha akapanda na kuketi naye. Yule mtu alikuwa anaweza kusoma; kilichokosekana ni mwenzi wa kuketi naye palepale alipokwama. Mwalimu wa darasa la kwanza anamhitaji Filipo wake, na anamhitaji Jumanne saa tatu asubuhi, darasani.

Ndiyo maana tunaona mwelekeo wa sasa wa serikali unastahili kuungwa mkono, na pia kuulizwa maswali. Mwelekeo huo unaitwa MEWAKA, Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Taasisi ya Elimu Tanzania huandaa moduli na kuziweka katika mfumo wa kielektroniki, walimu hukutana shuleni kwao katika vikundi viitwavyo Jumuiya za Ujifunzaji, na Afisa Elimu Kata hufuatilia. Mradi wa BOOST, unaotekelezwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, umeyaweka mafunzo haya miongoni mwa kazi zake, sambamba na ujenzi wa madarasa. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya 2022 viligawiwa walimu, na vinaweza kutumika kwa kazi hiyo pale penye umeme na mtandao. Kwa maneno mengine, baada ya miongo mingi tumerudi kwenye wazo la zamani la kujifunza kazini, safari hii kwa walimu waliokwisha kupitia vyuo.

Jina la Jumuiya za Ujifunzaji liligusa masikio yetu tulipolisikia mara ya kwanza, kwa maana sisi waamini wa Afrika Mashariki tuna uzoefu wa pekee wa jumuiya. Tangu maaskofu wa AMECEA walipozifanya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwa kipaumbele cha kichungaji katika miaka ya 1970, tumeziona zikizaliwa, zikichanua, zikisinzia, na nyingine zikifa huku majina yake yakiendelea kusomwa katika orodha ya parokia. Tunajua kinachozihuisha. Jumuiya iliyo hai hukutana kwa saa inayojulikana, nyumbani kwa watu na si ofisini, na huweka katikati kitu kimoja cha kweli: Neno la Mungu la Dominika ile na maisha ya watu wa mtaa ule. Hukubaliana jambo la kufanya, na wiki inayofuata huulizana lilikwendaje. Tunajua pia kinachoziua. Zinakufa pale mkutano unapokuwa wa mahudhurio na michango, pale kiongozi anapozungumza peke yake kutoka mwanzo hadi mwisho, na pale anayekiri kwamba mambo yamemshinda anaposemwa kesho yake kisimani.

Yote hayo yanaweza kuipata jumuiya ya walimu. Inaweza kugeuka kikao cha kujaza fomu, picha moja ikapigwa na kutumwa kwenye kundi la WhatsApp la kata, taarifa ikaenda halmashauri kwamba mafunzo yamefanyika. Au inaweza kuwa mahali ambapo mwalimu analeta daftari la mtoto mmoja, halisi, lenye makosa yake, analiweka mezani na kusema kwamba mtoto huyu amenishinda. Wenzake wanalitazama. Mmoja anagundua kwamba mtoto hukosea mahali penye "mb" na "nd" tu. Mwingine anajitolea kuja darasani kesho kutazama somo. Wiki inayofuata daftari linarudi mezani. Jumuiya ya namna hii haihitaji posho wala ukumbi. Inahitaji muda uliolindwa katika ratiba na Mwalimu Mkuu anayeketi na wenzake kama mwanafunzi. Inahitaji pia uhakika kwamba udhaifu uliosemwa hapo hautaandikwa katika jalada la mtu. Hili la mwisho ni gumu kuliko linavyoonekana. Kwa vizazi viwili mtu aliyeingia darasani na kukaa nyuma alikuwa mkaguzi, na walimu walijifunza kumwandalia somo la maonesho. Ukaguzi umebadilishwa jina kuwa uthibiti ubora, lakini hofu haibadiliki kwa jina.

Mtu atatuuliza, na ataulizia haki: mwalimu mwenye watoto zaidi ya mia katika chumba kimoja atamsikiliza nani? Hatuna jibu la kumfurahisha. Mafunzo hayajengi madarasa wala hayaajiri walimu, na serikali haipaswi kuyatumia kama pazia la kufunika upungufu huo. Tunachoweza kusema ni kwamba katika shule mbili zenye msongamano ule ule tofauti huonekana. Kwa mwalimu mmoja watoto wote wanaimba ubao. Kwa mwingine wameketi kwa makundi, kila kundi na mtoto anayejua kidogo zaidi, na mwalimu anapita kusikiliza watoto kumi leo, kumi kesho, akiandika jina la aliyekwama. Ndani ya wiki mbili na nusu amewasikia wote. Mwalimu huyo hakuzaliwa akijua hivyo.

Kwa nini mambo haya yaandikwe katika ukurasa wa jimbo? Shule nyingi zilizoanzishwa na misheni zilitwaliwa na serikali baada ya Sheria ya Elimu ya 1969. Shule zinazomilikiwa na Kanisa leo zinafanya kazi njema, lakini watoto walio wengi wa familia zetu, Wakatoliki pamoja na jirani zao Wamenoniti, Waislamu na wengineo, wako katika shule za umma. Walimu wao ndio wanaoimba katika kwaya zetu na kuongoza masomo Dominika. Tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano juu ya malezi ya Kikristo, la 1965, linaiona kazi ya mwalimu kuwa wito mzito unaodai maandalizi ya uangalifu na utayari wa kujifanya upya daima. Halikusema kwamba hayo yanamhusu mwalimu wa shule ya Kanisa tu.

Mara imewahi kuonesha inachoweza. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mikoa ya ziwa, Mara ikiwemo, ilikuwa uwanja wa majaribio wa kisomo cha watu wazima chenye manufaa, kwa msaada wa UNESCO, na makao ya mradi yakawa Mwanza. Kitaifa idadi ya watu wazima wasiojua kusoma ilishuka kutoka karibu theluthi mbili mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi chini ya theluthi moja mwaka 1977. Wazee waliojifunza wakati ule wanasimulia kwamba walijifunza kusoma juu ya pamba, samaki na mihogo, na kwamba maktaba za vijijini na gazeti la Elimu Haina Mwisho viliwapa kitu cha kusoma walipohitimu. Palipokosekana kitu cha kusoma, wengi walisahau. Mtoto wa darasa la pili ambaye nyumbani kwao hakuna karatasi yenye maandishi zaidi ya kalenda ya ukutani yuko katika hatari hiyo hiyo, hata mwalimu wake awe hodari.

Parokia ina vitu ambavyo shule haina. Ina walimu wastaafu, na baadhi yao ndio mafundi wa kweli wa kufundisha kusoma waliobaki katika kata. Mwalimu Mkuu akiwaomba, wengi watakwenda kukaa na kijana aliyeajiriwa karibuni na kumwonesha namna ya kumshika mtoto mkono. Ina ukumbi ambao mara nyingi hulala tupu siku za kazi, wakati walimu wa shule tatu jirani hawana pa kukutana. Ina vikundi vya Utoto Mtakatifu vinavyokusanyika Jumamosi, ambamo kila mtoto anaweza kupewa zamu ya kusoma sentensi mbili mbele ya wenzake, na aliyekwama akasaidiwa bila kuchekwa. Wazazi wasiojua kusoma wanaweza kumwambia mtoto awasimulie alichosoma leo. Asiyeelewa hawezi kusimulia, na mzazi atatambua mara moja.

Wazazi wana pia kiti katika Kamati ya Shule, na huko ndiko tungependa waamini wa Musoma, Bunda na Butiama wapeleke sauti yao kabla shule hazijafunguliwa Januari. Kamati huulizwa mengi juu ya choo, uji na mlinzi. Iulize, kwa heshima, nani atafundisha darasa la kwanza mwaka huu, amepata mafunzo gani ya kufundisha kusoma, na kama ataachwa hapo angalau miaka mitatu. Iulize ni siku gani ya wiki walimu hukutana kujifunza na kama muda huo umeandikwa katika ratiba. Mwalimu Mkuu mwenye nia njema atafurahi kuulizwa, kwa kuwa atapata nguvu ya kumjibu anayemtaka ampeleke kila hodari darasa la saba. Na yule mwalimu wa darasa la kwanza, jina lake litakapotajwa katika kikao cha wazazi, huenda ikawa ni mara yake ya kwanza kusikia kwamba kuna mtu anayeijua kazi yake.